Kondoo wa Moria: Upaji wa Mungu na Mipaka ya Sadaka katika Mwanzo 22

Mada hii inaichambua sura ya 22 ya kitabu cha Mwanzo, ambamo Abrahamu aliagizwa kumtoa mwanawe Isaka awe sadaka ya kuteketezwa, kwa lengo la kuonyesha kwamba simulizi hiyo, ambayo mara nyingi huhubiriwa kama kanuni ya kutoa kikubwa ili kupokea kikubwa zaidi, haifundishi mapatano ya namna hiyo kati ya Mungu na mwanadamu. Sadaka ya kuteketezwa, katika ibada ya Waisraeli, ilichomwa juu ya madhabahu bila mtoaji kubakiziwa nyama ya kula, tofauti na sadaka ya amani ambayo sehemu yake ililiwa na aliyeitoa pamoja na jamaa zake. Kwa hiyo agizo alilopewa Abrahamu halikumwachia tumaini la kurudishiwa chochote, na ugumu wa jaribu lenyewe ulikuwa hapo.

Upaji wa Mungu, yaani imani kwamba Mungu huwapatia viumbe wake wanachohitaji kwa wakati anaoujua yeye, haukuwa jambo ambalo Abrahamu alilishika tangu siku ya kwanza. Alipoondoka Harani akiwa na umri wa miaka 75 alikuwa na ahadi mkononi, lakini njaa ilipoingia Kanaani alishuka Misri na kumtambulisha mkewe kama dada yake ili kuokoa maisha yake, hila aliyoirudia baadaye huko Gerari, na mtoto wa ahadi alipochelewa alikubali shauri la kumpata mrithi kwa Hajiri, mjakazi wa Sara. Isaka alizaliwa baba yake akiwa na miaka 100. Imani iliyopanda Moria, basi, ilikuwa imani ya mzee aliyekwisha kukosea na kusubiri kwa robo ya karne, wala si ya mtu ambaye hakuwahi kutikisika.

Sura ya 21, ambayo kwa kawaida husomwa peke yake, ndiyo ufunguo wa sura inayoifuata. Humo Abrahamu anaamka asubuhi na mapema, kama atakavyoamka tena katika sura ya 22, anampa Hajiri mkate na kiriba cha maji, kisha anamwondoa pamoja na mwanawe Ishmaeli waende jangwani. Maji yanakwisha, mtoto analazwa chini ya kichaka, mama anaketi mbali ili asimwone akifa, ndipo sauti inatoka mbinguni na macho ya Hajiri yanafumbuliwa akaona kisima. Mfuatano ni uleule wa Moria: mtoto aliye karibu na kifo, sauti kutoka juu, na kitu kinachoonekana pale pale kilipohitajika. Tofauti moja, ambayo kwa maoni ya mada hii ina uzito kuliko mfanano wote, ni kwamba Hajiri hakutoa sadaka yoyote, hakujenga madhabahu, na hakuwa na kitu cha kuweka juu yake; alipewa maji kwa sababu Mungu alisikia sauti ya kijana.

Safari ya kwenda Moria ilifika siku ya tatu ndipo mlima ukaonekana kwa mbali, na maandiko hayasemi lolote kuhusu kilichokuwa moyoni mwa baba katika siku hizo. Kimya hicho kimejazwa na wasomaji wa baadaye kwa njia mbalimbali. Waraka kwa Waebrania, sura ya 11, unaeleza kwamba Abrahamu alihesabu kuwa Mungu aweza kumfufua mtu hata kutoka wafu. Wayahudi huliita tukio hilo Akeda, maana yake kufungwa, kwa kuwa Isaka alifungwa lakini hakuchinjwa, na mapokeo mojawapo ya marabi yanamhesabia umri wa miaka 37, kwa kuwa Sara alimzaa akiwa na miaka 90 na kifo chake akiwa na miaka 127 kinasimuliwa mara baada ya tukio hilo. Kwa hesabu hiyo aliyelazwa juu ya kuni alikuwa mtu mzima aliyeweza kumkatalia mzee wake. Katika Kurani, sura ya As-Saffat, Ibrahimu anamweleza mwanawe ndoto aliyoiona na kumuuliza rai yake, naye mwana anaridhia. Jina la mwana huyo halitajwi katika kisa hicho, na ingawa Waislamu wengi hushika kwamba alikuwa Ismaili, At-Tabari, mfasiri mkubwa aliyefariki mwaka 923, aliona kuwa alikuwa Is-haka. Sura ya Al-Hajj nayo inafundisha kwamba nyama na damu za wanyama wa kuchinja hazimfikii Mwenyezi Mungu, bali humfikia ucha Mungu wa wachinjaji, ndiyo maana nyama ya Idi ya kuchinja hugawiwa jirani na maskini.

Kilichopatikana mlimani kilikuwa kondoo dume aliyenaswa pembe zake kichakani, na mwana aliyepanda na Abrahamu akabaki hai. Ni kweli kwamba mstari wa 16 unaifungamanisha baraka na tendo la utii, na wahubiri wa mafanikio huushikilia mstari huo kwa nguvu. Hata hivyo yanayoahidiwa hapo, uzao usiohesabika na baraka kwa mataifa, kwa sehemu kubwa yalikwisha kuahidiwa katika sura ya 12 na ya 15, kabla Isaka hajazaliwa, na jambo jipya ni kiapo kinachoyathibitisha. Utajiri wa mifugo, fedha na dhahabu Abrahamu alikuwa nao tangu sura ya 13. Sura ya 23, inayofuata moja kwa moja, inamwonyesha mtu huyo aliyeahidiwa nchi nzima akijadiliana na Efroni Mhiti na kulipa shekeli 400 za fedha ili apate shamba la Makpela, mahali pa kumzika mkewe.

Katika makanisa kadhaa ya Afrika Mashariki, mwumini huhimizwa kupanda mbegu, yaani kutoa fedha kwa matarajio ya kuvuna maradufu, na huambiwa kwamba karo ya mtoto au mtaji wa genge ndio Isaka wake. Mafundisho hayo yanasahau kwamba kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 12, na Yeremia, sura ya 7, vinawalaani waliowachoma watoto wao kwa jina la ibada. Mwanafalsafa Immanuel Kant, katika andiko lake la mwaka 1798, alidai kwamba Abrahamu alipaswa kuijibu sauti ile kuwa ana hakika hapaswi kumwua mwanawe, ila hana hakika kama anayesema ni Mungu; mwanafalsafa mwingine, Søren Kierkegaard, mwaka 1843, alimtetea Abrahamu, lakini hata yeye aliliona tendo hilo kuwa la kutetemesha. Uzito wa hoja ya Kant ulionekana katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ambako mwaka 2023 ilianza kufukuliwa miili iliyozidi 400, ya watoto ikiwemo, ya watu walioaminishwa kwamba kufunga mpaka kufa ni njia ya kukutana na Yesu. Injili ya Mathayo, sura ya 4, inatenganisha mambo mawili ambayo walimu wa aina hiyo huyachanganya, yaani Mungu kumjaribu mtu na mtu kumjaribu Mungu: Yesu alikataa kujirusha kutoka kinara cha hekalu ingawa aliyemshawishi alitumia zaburi. Anayeacha dawa za kifua kikuu ili kuithibitisha imani yake yuko upande wa kinara.

Ili kutetea fundisho la kupanda mbegu, wapo watakaomtaja mjane wa Sarepta, ambaye katika 1 Wafalme 17 aliombwa na Eliya amwokee mkate kwanza kabla ya kujiokea yeye na mwanawe. Inafaa ikumbukwe kwamba nabii aliyeomba alikuwa na njaa kama yeye, akaishi nyumbani humo akila unga wa pipa lile lile, na kwamba pipa halikupungukiwa hadi siku ya mvua, bila kutajwa kwamba liliwahi kufurika. Baadaye mtoto wa mjane huyo aliugua mpaka pumzi ikamwisha, unga ukiwa bado umo pipani, naye mama akamgeukia Eliya kwa maneno ya uchungu na lawama. Eliya hakumkemea, alimchukua mtoto, akapanda naye chumbani, akamlilia Mungu kwa lawama zilizofanana na za mama yule.