Usiwafukuze Walinzi wa Mlango wa Kizazi

 Mazungumzo ya leo ni ya akina mama na akina dada, lakini baba, tafadhali usizime redio. Kuelekea mwisho kuna jambo linalokuhusu.

Tumepokea barua ya mama mmoja aliyetuomba tusitaje jina lake wala mji wake. Anasema kwa muda wa miaka miwili amekuwa akitokwa na majimaji mepesi ya rangi ya kijivu, yenye harufu kama ya samaki. Harufu hiyo huzidi baada ya kukutana na mumewe. Kwa sababu ya aibu amekuwa akijiosha ndani kwa sabuni asubuhi na jioni, kisha wifi yake akamshauri aongeze ndimu. Haikusaidia. Sasa mumewe amehama chumba, akimshuku kwamba ana mtu mwingine. Mama huyu anauliza mambo mawili: huu ni uchafu gani usiotoka, na je, ni saratani?

Mama, asante kwa barua yako. Tuanze na hilo neno uchafu, kwa maana ndilo lililokupoteza njia.

Uke si mahali pachafu panapongoja kusafishwa. Ndani yake wanaishi bakteria, na wengi wao ni wa faida. Daktari Mjerumani aliyeitwa Albert Döderlein aliwaeleza tangu mwaka 1892. Bakteria hawa wazuri huitwa laktobasili, na ni jamaa ya wale wanaogandisha maziwa lala. Kila aliyekulia kwenye mifugo anajua kwamba maziwa mabichi yakiachwa hivi hivi huharibika upesi, lakini yakishachacha vizuri kwenye kibuyu hukaa siku nyingi. Uchachu ndio unaoyalinda.

Basi hata mwilini ni vivyo hivyo. Ukuta wa uke una akiba yake ya sukari. Laktobasili huila sukari hiyo na kutoa asidi ya laktiki, ile ile iliyomo katika mala na mursik. Maji safi yana pH ya 7, na kadiri tarakimu inavyoshuka ndivyo uchachu unavyozidi. Uke wenye laktobasili wengi huwa kati ya 3.8 na 4.5, na katika uchachu wa namna hiyo viini vingi vya maradhi hushindwa kustawi. (Kabla hujakimbilia jikoni: mala ni ya kunywa. Usiitie ukeni, wala mtindi, wala kitunguu saumu.)

Sasa fikiria sabuni. Sabuni ni ya upande wa magadi, na kila mpishi anajua magadi hufanya nini kwa kitu kichachu. Ukijiosha ndani kwa sabuni unaua uchachu na kuwasukuma nje walinzi wenyewe. Ndimu nayo ni kali na huchubua ngozi laini ya ndani. Dawa za kuua viini, shabu na ugoro ni mabaya zaidi. Walinzi wakishaondoka, bakteria wa aina nyingine waliokuwa wachache huongezeka kwa wingi, na hao ndio wanaoleta majimaji ya kijivu na harufu ya samaki. Wahudumu wa afya huita hali hiyo BV. Mwanamke akinusa harufu huosha zaidi, akiosha zaidi harufu hurudi. Mama yetu amezunguka katika duara hilo miaka miwili.

Si jambo la harufu peke yake. Huko Mombasa, watafiti waliwafuatilia wanawake kwa miaka kumi, na mwaka 2006 wakachapisha waliyoyaona: wale waliokuwa wakijiosha ndani ya uke waliambukizwa virusi vya ukimwi zaidi kuliko wasiojiosha, na waliotumia sabuni walikuwa katika hatari kubwa kuliko waliotumia maji matupu. Hao walikuwa wanawake wa hapa kwetu, wenye desturi zetu.

Na mlango wa kizazi je? Mlango huo uko juu kabisa, mwisho wa uke, na huguswa na majimaji yale yale. Saratani yake karibu yote husababishwa na virusi viitwavyo HPV, vinavyoambukizwa kwa kujamiiana. Aina mbili tu, ya 16 na ya 18, huleta takriban visa 70 katika kila 100. Virusi hivi ni vya kawaida mno. Watu wengi walioanza kujamiiana huvipata wakati fulani, na mara nyingi mwili huvifukuza wenyewe katika muda wa miaka miwili hivi bila mtu kujua. Hatari ni vile vinavyokataa kuondoka. Vikikaa miaka mingi huanza kubadilisha chembe za mlango wa kizazi, na mabadiliko hayo yasipotibiwa huweza kuwa saratani baada ya miaka 10, 15 au 20. Kwa mwanamke mwenye virusi vya ukimwi asiyetumia dawa, mwendo huo huwa wa haraka zaidi.

Hapo ndipo bakteria wanapoingia. Uchunguzi uliofanywa katika nchi nyingi umeonyesha kwamba wanawake wenye laktobasili wachache hupatikana na HPV mara nyingi zaidi, na virusi hivyo hukawia zaidi kuondoka. Bakteria wale wengine huyeyusha ute unaofunika mlango wa kizazi na kuufanya uwe na uvimbe mdogo mdogo wa kila siku. Virusi hupata mwanya. Lakini nisikutishe, mama. BV si saratani, na BV peke yake haileti saratani. Vilevile mwenye laktobasili tele hana hakikisho la kutopata HPV, kwa hiyo asijidanganye kwamba kwa kuwa hana harufu hana haja ya kupimwa.

Kwa hiyo fanya hivi. Acha kujiosha ndani kuanzia leo. Osha nje kwa maji, inatosha. Ndani hujisafisha penyewe. Kisha nenda kituo cha afya, umwambie muuguzi wazi wazi kama ulivyotuandikia sisi. BV hutibiwa kwa dawa ya metronidazoli, ambayo wengi huijua kama Flagyl. Usinunue vidonge viwili vitatu dukani. Dozi ya kumeza kwa kawaida ni ya siku 7, na huimalizi kwa sababu harufu imekwisha siku ya tatu, unaimaliza kwa sababu ni dozi. Kama una mimba usichelewe, maana BV inahusishwa na kuzaa kabla ya wakati. Ikiwa badala ya harufu una mwasho mkali na ute mzito kama maziwa yaliyoganda, huenda ni ukungu, na dawa yake ni nyingine.

Ukiwa pale pale kituoni, uliza kupimwa mlango wa kizazi. Hapa Kenya wanaolengwa hasa ni wanawake wa miaka 25 hadi 49. Wenye virusi vya ukimwi hupimwa mara nyingi zaidi kwa kuwa hatari yao ni takriban mara sita ya wengine. Kuna kipimo cha HPV, ambacho unaweza hata kujichukulia sampuli mwenyewe kwa brashi ndogo nyuma ya pazia. Kuna pia kile cha kupakwa siki: muuguzi hupaka siki hafifu kwenye mlango wa kizazi, na baada ya dakika moja hivi sehemu yenye kasoro hugeuka nyeupe. (Hiyo ni siki iliyopimwa na mtu anayeona anachopaka, si ile ya kabatini kwako.) Kasoro ikionekana mapema hutibiwa kwa baridi kali au kwa joto, mara nyingi siku hiyo hiyo. Kila mwaka wanawake zaidi ya 3,000 hufa kwa saratani hii nchini mwetu, na wengi walifika hospitali wakiwa wamechelewa. Ukitokwa na damu baada ya tendo la ndoa, au baada ya hedhi kukoma, usingoje barua yako isomwe redioni.

Kama una binti wa miaka 10, chanjo ya HPV hutolewa bure kwa wasichana tangu 2019.

Sasa baba, nilikuahidi. BV si ushahidi wa uzinzi. Hutokea hata kwa mke ambaye hajawahi kukutana na mwanamume mwingine ila wewe. Lakini bakteria wale wanaweza kukaa kwako, chini ya govi na ndani ya njia ya mkojo, bila wewe kuhisi lolote, kisha ukamrudishia mkeo baada ya yeye kupona. Mwaka 2025 madaktari wa Australia walitangaza matokeo ya kuwatibu wanaume pamoja na wake zao, kwa vidonge na mafuta ya kupaka, siku 7. Wanawake walipotibiwa peke yao, 63 katika kila 100 walirudiwa na BV ndani ya wiki 12. Waume zao walipotibiwa pia, waliorudiwa walikuwa 35. Kwa hiyo mume wa mama aliyetuandikia, kama unasikiliza, rudi chumbani, na siku ya kliniki mwende wote wawili.

Wiki ijayo, saa kama hizi, tutajibu maswali yenu juu ya hedhi inayokawia. Kwaheri kwa sasa.