Kinu cha Upepo na Fedha ya Mkulima



Nashukuru kwa heshima niliyopewa ya kusema maneno machache katika siku hii ambayo Chama chetu kinatimiza miaka kumi. Nimetakiwa kulijibu swali ambalo wanachama wa Musoma, Bunda na Butiama wamekuwa wakiliuliza, nalo ni hili: je, yafaa mkulima atoe fedha zake, au akope katika Chama, ili asimamishe nyumbani kwake kinu kidogo cha upepo cha kufua umeme?

Sikuja kukidharau kinu hicho. Upepo ni mali. Kule Turkana, katika nchi jirani ya Kenya, vinu vikubwa 365 vyenye uwezo wa megawati 310 vilizinduliwa mwaka 2019. Hapa kwetu, katika Wilaya ya Mufindi, vinu vitatu vya Mwenga vilianza kazi mwaka 2020. Na huko Malawi, kijana William Kamkwamba alijenga kinu chake mwaka 2002 kwa vipande vya baiskeli na miti ya mikaratusi, akawasha taa nyumbani kwao. Basi jambo lawezekana. Linalotupasa kuuliza ni kama lina faida kwetu, na mahali gani.

Ndugu zangu, upepo una kanuni moja ambayo kila mnunuzi yampasa aijue. Mwendo wa upepo ukipungua nusu, nguvu yake haipungui nusu. Hubaki sehemu moja tu katika nane. Kinu kidogo kilichoandikwa wati 1,000 kwa kawaida hupimwa katika upepo wa mita 12 hivi kwa sekunde, yaani upepo unaotikisa matawi makubwa ya miti. Upepo ukiwa wa mita 6, kinu hicho kitatoa kama wati 125. Ukiwa wa mita 3, kitatoa kama wati 16, ikiwa kitazunguka kabisa, kwa maana vingi havianzi kuzunguka mpaka upepo ufikie kiasi hicho.

Hebu tufanye hesabu. Wati 16 kwa saa 24 ni wati-saa 384. Paneli moja ya sola ya wati 100, katika jua letu la Mara, hutoa karibu wati-saa 400 kwa siku njema. Maana yake, penye upepo mdogo, kinu cha wati 1,000 na mlingoti wake chafanya kazi ya paneli moja iliyolala juu ya bati bila kelele.

Wala tusidhani kwamba haya ni maneno ya makaratasi. Huko Uingereza, nchi isiyopungukiwa na upepo, vinu 26 vilivyofungwa juu ya majengo vilichunguzwa, na taarifa yake ikatolewa mwaka 2009. Kwa wastani kila kinu kilitoa wati-saa 214 tu kwa siku. Paa, kuta na miti huvunja upepo. Ndiyo sababu mafundi hushauri mapanga ya kinu yawe juu angalau mita 9 kupita kila kitu kilicho katika umbali wa mita 150. Mwenye mwembe wa mita 10 karibu na nyumba yake atahitaji mlingoti wa karibu mita 20, pamoja na saruji, nyaya za kuushikilia, na waya wa kuipeleka radi ardhini. Na radi za Ziwa letu sote twazijua.

Pengine mtu atasema, "Jua huzama, lakini upepo huvuma hata usiku." Ni kweli. Kando ya Ziwa, mchana upepo hutoka majini kuja nchi kavu, na usiku hugeuka kuelekea majini. Wavuvi wetu wameufuata tangu zamani. Lakini katikati ya kugeuka huko hutulia, kwa hiyo mwenye kinu naye hana budi kununua betri kama mwenye sola. Na upepo unaotosha kujaza tanga huenda usitoshe kujaza betri. Tena Butiama iko mbali na maji, nayo ina vilima na miti. Kinachofaa katika kisiwa cha Rukuba huenda kisifae huko.

Basi nashauri hivi. Mwanachama ambaye nguzo za umeme zimepita karibu naye, na aunganishe kwanza. Aliye mbali na nguzo, na aanze na sola. Kinu cha upepo kibaki kwa mahali palipo wazi, kama vilele vya vilima, visiwani na kando ya Ghuba ya Speke, ambapo imethibitika kwamba wastani wa upepo kwa mwaka, kwenye kimo cha mlingoti, haupungui mita 5 kwa sekunde. Kabla ya kumkopesha mtu yeyote shilingi moja kwa kazi hii, Chama na kinunue vipima-upepo vitatu, kimoja kando ya Ziwa Musoma, kimoja Bunda na kimoja Butiama, navyo visomwe mwaka mzima, masika na kiangazi.

Najua wako watakaoona kwamba mwaka ni mrefu. Lakini deni la kinu kisichozunguka ni refu zaidi, nalo hulipwa kwa pamba ya mtu.

Wazee wetu wa Jimbo la Ziwa walilielewa jambo hili. Kabla ya vyama vyao kuungana mwaka 1955 katika VFCU, mojawapo ya mambo waliyoyadai ni mpimaji wao wenyewe asimame penye mizani ya mnunuzi. Hawakukubali uzito wa pamba kwa neno la mtu mwingine. Nasi tusikubali nguvu ya upepo kwa neno la muuzaji. Tupime kwanza, ndipo tulipe.

Mungu akibariki Chama chetu.