Jumuiya ya Watawala au Jumuiya ya Wananchi? Mafunzo kutoka Asia

Maneno ya hotuba iliyotolewa katika ukumbi wa kanisa, Kangundo, Machakos





Ilipotangazwa kwamba leo nitazungumza juu ya nchi za Asia na ushirikiano wao, mzee mmoja alinivuta kando akaniuliza: "Mwanangu, Kangundo na Asia, wapi na wapi? Sisi shida zetu ni maji, barabara na bei ya kahawa." Nilimjibu kwamba nimekuja kwa ajili ya hiyo hiyo bei ya kahawa.

Mnamo Julai 1989 yalivunjika mapatano ya kimataifa yaliyokuwa yakiipangia kila nchi kiasi cha kahawa ya kuuza nje, na bei ikaporomoka. Wakati huo Vietnam, ambayo mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilikuwa haitajwi sana sokoni, ilikuwa ikipanda mibuni kwa kasi. Kufikia mwaka 2000 ilikuwa imeshika nafasi ya pili duniani, nyuma ya Brazil. Kahawa yao nyingi ni robusta na yetu ni arabika, lakini zote mbili huuzwa katika dunia moja, na mwaka 2001 na 2002 bei ilishuka hata mkulima akaona kupalilia ni hasara. Kenya, ambayo katika msimu wa 1987/88 ilivuna karibu tani 130,000, siku hizi huvuna chini ya nusu ya hizo. Sisemi kwamba Mvietnam ndiye aliyetuangusha. Madeni ya vyama vya ushirika, malipo ya kuchelewa na wizi wa nyumbani, hayo yote yalitenda kazi yake. Nasema tu kwamba aliyeketi kiwandani Kangundo akingoja malipo yake alikuwa tayari ana jirani huko Asia, awe anamjua au hamjui. Na hakuna nchi ndogo inayoweza kusimama peke yake katika soko la namna hiyo. Ndiyo maana ushirikiano wa mataifa jirani si jambo la mabalozi peke yao.

Basi nitawasimulia habari za watoto wawili waliozaliwa mwaka mmoja.

Mwaka 1967, mwezi Juni, marais wa Kenya, Uganda na Tanzania walitia saini huko Kampala mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Miezi miwili baadaye, tarehe 8 Agosti, mawaziri wa Indonesia, Malaysia, Ufilipino, Singapore na Thailand walikutana Bangkok wakaunda umoja wao unaoitwa ASEAN. Mtu yeyote mwenye busara angalisema siku ile kwamba mtoto wetu ndiye atakayeishi. Sisi tulikuwa na reli moja, bandari chini ya shirika moja, posta moja na shirika moja la ndege. Wao hawakuwa na hata kimoja cha hivyo. Indonesia na Malaysia zilikuwa zimetoka vitani mwaka uliotangulia, na Singapore ilikuwa imetengwa na Malaysia mwaka 1965. Lakini Jumuiya yetu ilikufa mwaka 1977 ikiwa na umri wa miaka kumi, na ASEAN ingali hai.

Yetu iliuawa na nini? Idi Amin alinyakua madaraka Januari 1971, na Mwalimu Nyerere akakataa kuketi naye meza moja. Tangu hapo baraza la marais halikukutana tena. Aidha, kulikuwa na manung'uniko ya kweli kwamba viwanda na faida vilikuwa vikikusanyika Kenya, huku Tanzania na Uganda zikibaki kuwa soko. Mwanzoni mwa 1977 shirika la ndege lilivunjika, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na mpaka huo haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Mali ya Jumuiya iligawanywa kwa mapatano ya mwaka 1984. Wafanyakazi wa Jumuiya waliendelea kudai haki zao kwa miaka mingi, wengine mpaka uzeeni.

Tazameni sasa walichofanya wale wa Asia. Hawakuanza na mambo makubwa. Walianza kwa kukubaliana kuketi pamoja hata wakati ambapo hawapendani, na mkutano wao wa kwanza wa wakuu wa nchi ulifanyika Bali mwaka 1976, miaka tisa baada ya kuzaliwa. Eneo la biashara huru walilikubali mwaka 1992. Vietnam, ambayo miaka ya 1980 ilikuwa ikitazamana na Thailand kwa bunduki kwa sababu ya Kambodia, ilipokewa kuwa mwanachama mwaka 1995. Haba na haba hujaza kibaba.

Wapo wengine huko huko Asia ambao hawakuiweza hata subira hiyo. India, Pakistan, Bangladesh na majirani zao waliunda umoja wa SAARC huko Dhaka mwaka 1985. Mkutano wa mwisho wa wakuu wao ulikuwa Kathmandu mwaka 2014. Ule uliokuwa ufanyike Islamabad mwaka 2016 ulivunjika kwa sababu ya ugomvi wa India na Pakistan, na Mei 2025 nchi hizo mbili zilirushiana makombora. Biashara baina ya nchi za eneo hilo ni kama asilimia 5 tu ya biashara yao yote. Hapo kuna watu zaidi ya bilioni moja na nusu, na wengi ni maskini, nao wamefungiwa mlango na magomvi ya wakubwa wawili. Wahenga walisema wapiganapo tembo nyasi huumia. Sisi tulikuwa nyasi mwaka 1977.

Ndugu zangu, msije mkadhani nimekuja kuisifu ASEAN. Umoja huo una ugonjwa wake, na ugonjwa huo ndio hasa ulionileta hapa. Kanuni yao kuu ni kwamba hakuna serikali itakayoingilia mambo ya ndani ya nyingine. Kanuni hiyo iliwapa amani ya kuketi pamoja, lakini iliwapa watawala amani kuliko ilivyowapa watu wao. Mwaka 2017 Warohingya zaidi ya 700,000 walikimbia kutoka Myanmar kuingia Bangladesh, na umoja haukuwa na la kufanya. Tarehe 1 Februari 2021 majenerali wa Myanmar waliipindua serikali iliyochaguliwa. Mwezi Aprili wakuu wa ASEAN walitoa mapatano ya mambo matano, la kwanza likiwa kukomesha umwagaji damu. Majenerali waliyasikia, wakarudi nyumbani, wakaendelea kuua. Huo ndio umoja wa watawala: haufi, lakini hauokoi mtu.

Je, sisi tumepona ugonjwa huo? Mkataba mpya wa Jumuiya ulitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Katika utangulizi wake walioandika walikiri sababu zilizoiua Jumuiya ya kwanza: upungufu wa nia ya kisiasa, mgawanyo usio sawa wa faida, na kutoshirikishwa kikamilifu kwa sekta ya kibinafsi na jumuiya za kiraia. Wakaahidi ushirikiano ambao kiini chake ni wananchi. Ni maneno mema. Lakini Novemba 2024 Dkt. Kizza Besigye wa Uganda alitekwa hapa Nairobi, na baada ya siku chache akaonekana Kampala mbele ya mahakama ya kijeshi. Mei 2025 Martha Karua na aliyekuwa Jaji Mkuu wetu, Dkt. Willy Mutunga, walizuiwa Dar es Salaam walipokwenda kufuatilia kesi ya Tundu Lissu, wakarudishwa. Boniface Mwangi wa Kenya na Agather Atuhaire wa Uganda walikamatwa huko huko, kisha wakatupwa mipakani, na wote wawili wakasema waliteswa. Oktoba mwaka huo huo Wakenya wawili walitekwa Kampala wakazuiliwa kwa zaidi ya mwezi. Mfanyabiashara anahesabiwa vituo vya mpakani, mkulima anawekewa vikwazo, lakini mateka anavushwa mpaka usiku mmoja bila hata kuulizwa pasipoti. Tukiona hivyo hatuna budi kuuliza: Jumuiya hii ni ya nani?

Najua jibu litakalotolewa na wapinzani wa mageuzi, maana tumelisikia tangu siku za kudai kufutwa kwa kifungu cha 2A mwaka 1991. Watasema: "Asia iliendelea bila demokrasia. Nyamazeni, mle kwanza." Jibu hilo lina ukweli nusu, na ukweli nusu ni hatari kuliko uongo mzima. Ni kweli kwamba Vietnam ina chama kimoja hadi leo, na haki ya kusema huko ni haba. Lakini kahawa yake haikustawi kwa sababu ya kunyamazishwa mkulima. Ilistawi baada ya mageuzi yaliyoanza mwaka 1986, na hasa baada ya azimio la mwaka 1988 lililoirudishia familia haki ya kulima kipande chake na kuamua juu ya mazao yake. Yaani walipopunguza amri, mavuno yaliongezeka. Nao Wakorea Kusini walijaza barabara Juni 1987 wakadai kumchagua rais wao wenyewe, na uchumi wao haukufa kwa hilo. Indonesia ilikaa chini ya Suharto zaidi ya miaka 30 ikisifiwa kwa maendeleo. Tufani la fedha lililoanzia Thailand mwaka 1997 lilipofika, ikaonekana ni mali ngapi zilikuwa mikononi mwa jamaa na marafiki, na Mei 1998 akaondoka.

Sasa nitawaambia jambo ambalo wengi wetu hatulijui. Tunacho kitu ambacho ASEAN haina. Huko Arusha kuna Mahakama ya Afrika Mashariki, na mkazi yeyote wa nchi mwanachama anaweza kuishtaki serikali humo kwa kuvunja mkataba. Mwaka 2007 mahakama hiyo iliamua kwamba Uganda iliuvunja utawala wa sheria pale askari wenye silaha walipoizingira Mahakama Kuu ya Kampala na kuwakamata upya watu waliokuwa wamepewa dhamana. Mwaka 2006 iliwazuia wajumbe wa Kenya kuapishwa katika Bunge la Afrika Mashariki, na mwaka uliofuata ikasema hawakuchaguliwa kama mkataba unavyotaka. Kesi hiyo ililetwa na Profesa Anyang' Nyong'o na wenzake.

Na watawala walifanyaje? Desemba 2006, hata kabla hukumu haijatoka, waliubadilisha mkataba haraka haraka. Waliongeza sababu za kuwaondoa majaji, wakaweka sharti kwamba mwananchi asipoleta shauri lake ndani ya miezi miwili, mlango umefungwa. Mtu hafungi mlango wa chumba kisichokuwa na kitu. Julai 2025 Mwangi na Atuhaire waliubisha mlango huo huo kwa kufungua kesi yao Arusha.

Ushirikiano ukiachiwa wakubwa, gharama yake hufika mpaka kwenye sufuria. Mwaka 2004 sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa mahindi, iliwaua watu 125 hapa kwetu Ukambani na maeneo jirani. Hakuna haja ya kuwaeleza ubaya wake. Machi 2021 Kenya ilipiga marufuku mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu hiyo hiyo. Malori yakakwama mpakani, wakubwa wakapigiana simu, na baada ya siku chache marufuku ikaondolewa kwa masharti. Kufunga mpaka ghafula kulimwumiza mkulima wa Uganda. Kuufungua bila kupima kungemwua mlaji wa Kangundo. Kilichotakiwa ni maabara za kupima mahindi kwa kipimo kimoja, kinachoaminiwa pande zote mbili. Kazi hiyo haina sherehe wala zulia jekundu, na ndiyo maana huachwa nyuma.

Basi tufanye nini? Nina mambo matatu.

Kwanza, wajumbe tisa wa Kenya katika Bunge la Arusha huchaguliwa na wabunge wetu. Mbunge anapokuja kuomba kura hapa, mwulizeni alimchagua nani, na kwa sifa gani.

Pili, chama cha ushirika kisisubiri wizara. Kitafute wakulima wenzetu wa Bugisu na Kilimanjaro, wasemezane juu ya bei, mbegu na wanunuzi.

Tatu, jirani yetu Mganda au Mtanzania anapotekwa, kanisa hili lisiseme hayo ni ya kwao. Neno hilo ndilo lililowaacha Warohingya.

Msiseme sisi ni wadogo. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilipokuja kuwanyang'anya Wakamba ng'ombe wao kwa jina la kuhifadhi udongo, maelfu walitembea kwa miguu hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakakaa huko kwa majuma wakidai kumwona Gavana. Hawakuwa na kura hata moja. Aliyewasaidia kupaza sauti yao alikuwa Isher Dass, mzaliwa wa India, mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Mbingu alikamatwa akapelekwa Lamu, lakini mpango wa kuchukua ng'ombe kwa nguvu uliachwa.

Mzee aliniuliza Kangundo na Asia ni wapi na wapi. Babu zetu walilijibu swali hilo barabarani, pamoja na mwana wa Asia. Sisi tuna kura, tuna mahakama, na nauli ya basi la Arusha si kubwa.