Timu ya Moshi ni ya Nani?



Mwaka 2023 Polisi Tanzania ilishuka kutoka Ligi Kuu. Sisi tuliokuwa tunaenda Uwanja wa Ushirika kuishangilia, nani kati yetu alikuwa na haki ya kuuliza kulikoni? Hakuna. Timu ni ya Jeshi la Polisi, sisi ni watazamaji tu.

Kijiweni wengine wanasema, "Tutafute tajiri, yaishe." Kweli, nauli, kambi na posho za wachezaji zinataka hela. Ila tajiri akichoka anaondoka na timu yake. Hata Simba, pamoja na mwekezaji wao, wanachama walibakiziwa asilimia 51.

Na huku mlimani somo tunalo. Mwaka 1933 wakulima wa kahawa walianzisha KNCU. Hawakusubiri tajiri, waliuza kahawa yao kwa pamoja.

Basi tuanze hivyo: klabu ya wanachama, ada ndogo kila mwezi, hesabu zisomwe hadharani. Mwekezaji aje, ila akute katiba ipo. Tunaidai halmashauri mapato na matumizi. Kwenye mpira tunanyamaza kwa nini?