Chozi Moja Shavuni

(Maneno yaliyosemwa baada ya chakula cha jioni, siku ya mkutano wetu wa mwaka)

Ndugu Mwenyekiti, walimu wetu wapendwa, wake zetu mliovumilia hotuba tatu kabla ya hii, na ninyi wazee wenzangu mnaojifanya bado vijana:

Nimepewa dakika tano niseme habari ya mapenzi. Naona Kamati imepima umri wetu ikaona zinatosha. Basi nitasema juu ya majalada ya magazeti ya katuni za mapenzi ya Marekani.

Gazeti la kwanza la namna hiyo, Young Romance, lilianzishwa mwaka 1947 na Joe Simon na Jack Kirby, wale wale waliombuni Captain America. Mkono uliozoea kuchora ngumi ukaanza kuchora busu. Ndiyo maana baadhi ya mabusu yale yanafanana na mieleka.

Ukiona jalada moja umeona mia. Mbele yuko msichana, nywele zimetengenezwa kama za bibi arusi, na chozi moja shavuni. Si mawili! Wala chozi hilo haliharibu wanja. Nyuma yake, hatua tano tu, mchumba wake amemkumbatia mwingine. Nchi pana kama ile, bwana yule hakuona pa kujificha ila mgongoni kwa mchumba wake! Jalada jingine lina simu isiyolia. Jingine, stesheni ya treni. Jingine, muuguzi anayemtazama daktari badala ya mgonjwa. Mimi humhurumia mgonjwa.

Mwaka 1954 wachapishaji walijiwekea kanuni kwamba hadithi za mapenzi zitukuze nyumba na ndoa. Basi chozi likabaki jaladani, na pete ikangoja ukurasa wa mwisho.

Lakini liko jambo nisilolicheka. Wengi walioandika na kuchora machozi hayo walikuwa wanaume. Wasichana waliosoma wakafundishwa, toleo baada ya toleo, kwamba kazi yao ni kungoja na kulia. Mwaka 1962, katika gazeti la Secret Hearts, Tony Abruzzo alichora msichana anayezama majini, anayeona heri azame kuliko kumwita mpenzi wake amwokoe. Mwaka 1963 Roy Lichtenstein akaigeuza picha hiyo kuwa mchoro mkubwa wa rangi, Drowning Girl, akamwondoa kijana aliyekuwa nyuma. Leo mchoro huo umo katika jumba la Museum of Modern Art, New York. Kijana katoka, lakini msichana bado anazama, na hakuna aliyemtupia kamba.

Young Romance lilikoma mwaka 1975. Machozi hayakukoma. Kwa hiyo, ndugu zangu, mkiona chozi nyumbani, msidhani ni jalada. Ulizeni kuna nini, kisha nyamazeni msikilize jibu mpaka mwisho, hata likizidi dakika tano.

Ndugu Mwenyekiti, naona kengele iko mkononi mwako.