Usingizi wa Watoto Wenye Maradhi ya Wasiwasi katika Mazingira ya Kalerwe, Kampala

Maradhi ya wasiwasi kwa watoto ni kundi la maradhi ya akili ambamo hofu huwa kubwa kuliko jambo linaloogopwa, hudumu kwa majuma au miezi hata jambo hilo likiwa limepita, na hatimaye humzuia mtoto kufanya yale ambayo wenzake wa rika lake huyafanya bila taabu, yakiwemo kusoma, kucheza na kulala. Katika kundi hilo imo hofu ya kutengana, ambayo humfanya mtoto aamini kwamba akiachana na mzazi, hata kwa saa chache, baya litampata mmoja wao. Umo wasiwasi wa jumla, usioshikilia jambo moja bali huhama kutoka kwenye mtihani hadi kwenye karo, na kutoka kwenye karo hadi kwenye ugonjwa wa bibi. Na zimo hofu mahususi, kama vile ya giza, ya radi au ya mbwa. Makala hii inashughulikia usingizi wa watoto hao katika Kalerwe, mtaa wa Kampala wenye soko, na hoja yake ni kwamba usiku wa mtoto wa Kalerwe haupimiki kwa kipimo kilichotungwa kwa ajili ya nyumba ambayo kila mtoto ana chumba chake, wala hautibiki bila kuutazama usiku wa watu wazima wanaolala naye.

Tatizo lenyewe si dogo. Utafiti wa Catherine Abbo na wenzake, uliochapishwa mwaka 2013 na kuhusisha watoto na vijana 1,587 wa umri wa miaka 3 hadi 19 kaskazini-mashariki mwa Uganda, ulikuta maradhi ya wasiwasi kwa asilimia 26.6 yao, wasichana wakizidi wavulana. Na ingawa maeneo hayo yalipitia vita na wizi wa mifugo, mambo ambayo Kampala haikuyapitia kwa namna ileile, matokeo hayo yanatosha kuondoa dhana kwamba maradhi haya ni ya watoto wa Ulaya na Marekani. Kuhusu usingizi, utafiti wa Candice Alfano na wenzake wa mwaka 2007 nchini Marekani ulionyesha kwamba asilimia 88 ya watoto na vijana wenye maradhi ya wasiwasi walikuwa na angalau tatizo moja la usingizi. Huko Dunedin, New Zealand, ambako watoto waliozaliwa mwaka 1972 na 1973 wamefuatiliwa hadi utu uzima, ilibainika kwamba miongoni mwa waliokuwa na matatizo sugu ya usingizi utotoni, asilimia 46 walipata maradhi ya wasiwasi ukubwani, ilhali kwa wenzao ilikuwa asilimia 33. Kwa hiyo usingizi mbovu si dalili ya kupuuzwa kwa matumaini kwamba mtoto atakua nao uishe.

Uhusiano wa hofu na usingizi huenda pande zote mbili. Ili mtu alale, ubongo lazima uache ulinzi. Lakini kwa mtoto mwenye wasiwasi, amigdala, yaani sehemu ya ubongo inayotambua hatari, huendelea kupiga mbiu, moyo hudunda, misuli hukaza, na mwili hubaki macho ingawa umechoka. Asubuhi, ubongo uliokosa usingizi huwa mwepesi zaidi kuona hatari palipo na jambo la kawaida, hivyo mtoto huingia usiku wa pili akiwa na hofu kubwa kuliko ya jana. Mchana mtoto huyo huenda asionekane mchovu: mara nyingi huonekana mkorofi, mwenye hasira au asiyetulia darasani, na kuadhibiwa kwa sababu hiyo, jambo ambalo ni la kusikitisha sana kwa kuwa adhabu humwongezea kilekile kinachomnyima usingizi.

Hapa ndipo suala la vipimo linapojitokeza. Hojaji nyingi zinazotumika kimataifa huhesabu kuwa ni tatizo mtoto anapokataa kulala peke yake au anapolala kitanda kimoja na mtu mwingine. Katika chumba kimoja cha kupanga, kile ambacho wenyeji hukiita muzigo, ambamo pazia hutenganisha kitanda cha wazazi na godoro la watoto watatu au wanne, swali hilo halina maana, kwani kulala pamoja ni hali ya maisha na pia ni desturi njema ya malezi. Swali linalofaa ni lile la kazi inayofanywa na hofu: je, mtoto husinzia akiwa kati ya ndugu zake, au hulazimika kumshika mama mkono mpaka usiku wa manane? Je, mama akienda msalani hurudi kumkuta amelala, au amesimama mlangoni akilia?

Usiku wa Kalerwe nao una mambo yake. Soko hupokea malori ya matoke na mboga kabla ya mapambazuko, barabara ya Gayaza na ile ya mzunguko wa kaskazini hukutana hapo hapo, na kelele za magari, bodaboda na muziki huendelea hadi usiku sana, ilhali Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009 kwa ajili ya Ulaya, lilipendekeza kelele za nje usiku zisizidi desibeli 40. Zaidi ya kelele, wapo akina mama wachuuzi ambao huamka saa tisa au saa kumi usiku kwenda kununua bidhaa za jumla, na wengi wao, kwa huruma, hunyata wasimwamshe mtoto. Kwa mtoto mwenye hofu ya kutengana, huruma hiyo humfundisha kwamba mama hutoweka mtu anapolala. Matokeo yake ni kwamba mtoto huanza kuamka kabla ya saa hiyo, akaizungusha ncha ya leso ya mama kwenye vidole vyake, na kukesha akilinda mlango. Tabia hiyo huitwa kudeka au ukaidi, kumbe ni ulinzi wenye mantiki yake.

Mvua nayo inahitaji uangalifu huohuo. Mfereji wa Nsooba unapofurika katika misimu ya Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, maji huingia vyumbani, na wazazi hupandisha magodoro juu ya meza. Mtoto anayeshtuka matone yanapoanza kugonga bati katika usiku wa namna hiyo ana akili timamu, na si haki kumwita mgonjwa. Ugonjwa huanza kushukiwa anapoendelea kukesha akisikiliza paa wakati wa kiangazi, mbingu ikiwa nyeupe, majirani wote wakiwa wamelala.

Kabla ya kuhitimisha kwamba chanzo ni wasiwasi, mhudumu wa afya hana budi kuondoa sababu za mwili: malaria, minyoo, upele, kunguni, pumu, tezi za koo zinazomfanya mtoto akorome, maumivu ya selimundu, na hata njaa. Vilevile ni lazima kutofautisha jinamizi na mhangaiko wa usiku. Jinamizi, yaani ndoto ya kutisha, huja zaidi sehemu ya mwisho ya usiku, na mtoto huamka akaikumbuka. Mhangaiko wa usiku huja saa chache za mwanzo, mtoto hupiga kelele macho yakiwa wazi, hamtambui mtu, na asubuhi hakumbuki lolote. Huu wa pili huzifanya familia nyingi zifikirie mapepo, na si ajabu, kwa jinsi unavyotisha kuutazama. Mhudumu anayedharau imani hiyo huwapoteza wazazi. Anayewaeleza kwa heshima kwamba mtoto yumo katika usingizi mzito na asiamshwe kwa nguvu huwapa jambo la kufanya usiku uleule, huku sala zao zikiendelea.

Tiba yenye ushahidi mzuri ni ya mazungumzo inayolenga fikra na tabia, ambayo humsogeza mtoto kwenye kile anachokiogopa hatua kwa hatua. Katika chumba kimoja, hatua hizo zinaweza kuwa godoro linalosogezwa kidogo kidogo kutoka ubavuni mwa kitanda cha mama hadi upande wa ndugu zake, bila kulazimisha mtoto alale peke yake, kwa kuwa hilo si lengo. Mama anayeondoka alfajiri ashauriwe kumuaga mtoto jioni, amweleze ataondoka saa ngapi, nani atabaki naye na watakutana wapi, kisha atimize kila alichosema. Siku chache za kwanza kilio kitaongezeka, na mama aonywe mapema ili asirudi kunyata. Kwa mtoto anayeogopa mafuriko, familia ipange nani atambeba nani na watahamia wapi, na mtoto apewe kazi ndogo, kama kubeba mfuko wa vitabu.

Shule nazo zina deni lao. Chama cha Marekani cha Tiba ya Usingizi kilipendekeza mwaka 2016 kwamba watoto wa miaka 6 hadi 12 walale saa 9 hadi 12. Mwanafunzi anayeamshwa saa kumi na moja alfajiri ili awahi masomo ya ziada ya mtihani wa darasa la saba ingempasa awe amelala saa mbili usiku, wakati ambapo katika nyumba nyingi za Kalerwe chakula bado kiko kwenye sigiri. Ratiba hiyo huwadhuru watoto wote, lakini mwenye wasiwasi huumia zaidi, kwa sababu wazo la kuchelewa na kuchapwa humwamsha hata kabla ya kuitwa.

Dawa za mzio na za mafua zinazoleta kusinzia, ambazo baadhi ya wazazi huzinunua madukani ili mtoto atulie, haziondoi hofu na zinaweza kumdhuru, hasa zikitolewa kila usiku. Mtoto anayekosa usingizi kwa zaidi ya mwezi, anayekataa shule, anayezungumzia kifo, au aliyeanza upya kukojoa kitandani baada ya tukio la kutisha, apelekwe Hospitali ya Mulago, ambako si mbali, au katika huduma za watoto za Hospitali ya Butabika. Mzazi aende na daftari la majuma mawili, lenye saa aliyolala mtoto, saa alizoamka, nani alikuwepo chumbani na nini kilisikika nje, kwa maana daktari aliyeko kliniki mchana hana njia nyingine ya kuujua usiku huo.