Kila Andiko Lina Makusudio Yake



Maudhui tuliyoyachagua leo yaweza kuonekana madogo mbele ya mambo makubwa yazungumzwayo katika baraza hili. Twataka kuzungumzia vitu ambavyo sote twavisoma kila siku bila ya kuhisi kuwa twasoma: lebo ya kopo dukani, bango la barabarani, ujumbe mfupi uingiao katika simu baada ya sala ya Alfajiri, karatasi iliyobandikwa mlangoni. Mtu akifungua kitabu hujua kwamba anasoma, naye hukaa tayari kukubali au kukataa. Kopo la maziwa halifunguliwi kama kitabu. Hupita machoni likaacha neno lake moyoni, na aliyeliona akadhani kwamba neno lile limetoka kwake mwenyewe.

Imepokewa katika Sahihi Muslim, kutoka kwa Abu Huraira (r.a.), kwamba Mtume (s.a.w.) alipita penye fungu la nafaka, akatia mkono wake ndani, na vidole vyake vikakuta unyevu. Alipomuuliza mwenye nafaka, yule mtu alijibu kuwa imenyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini basi hakuiweka juu ile iliyolowa, watu wapate kuiona. Tuitazame habari hii kwa makini. Nafaka ya juu ilikuwa kavu kweli, na hatusimuliwi kwamba muuzaji alitamka neno lolote la uwongo. Kosa lilikuwa katika mpango: kipi kimewekwa juu na kipi kimewekwa chini. Siku hizi kazi hiyo ya kupanga imekuwa taaluma yenye vyuo na mishahara minono.

Kwa hiyo kuuliza kama maneno ni ya kweli, peke yake, hakutoshi. Mengi ya maandishi tunayoyasema yametungwa na watu waijuao sheria, na kila neno lililomo laweza kutetewa mahakamani. Liko swali la kutangulizwa: aliyeandika haya anataka nifanye nini, na ni kitu gani amekiweka chini ili nikubali kukifanya?

Tuchukue mfano wa maziwa ya unga ya watoto wachanga, kwa kuwa ni mfano uliothibiti na uliogharimu roho za watu. Katika miaka ya 1960 na 1970, kampuni za Ulaya na Marekani ziliyatangaza maziwa hayo kwa nguvu katika nchi maskini za Afrika, Asia na Karibiani. Kopo lilibeba picha ya mtoto mnene mwenye tabasamu. Katika wodi za wazazi walipita wanawake waliovaa sare nyeupe kama za wauguzi, wakitoa ushauri na kugawa kopo la bure. Mshahara wao ulitoka katika kampuni.

Sasa tulisome kopo hilo kama tusomavyo barua. Picha ya mtoto haina uwongo. Wako watoto walionenepa kwa maziwa yale, katika nyumba zenye maji safi ya bomba, jiko la kuchemshia chupa na fedha za kununulia kopo jingine. Kopo halikuvionyesha vitu hivyo. Maelezo ya kuchanganya yaliwekwa nyuma, kwa herufi ndogo, na mara nyingi kwa lugha ambayo mama hakuisoma. Sare nyeupe nayo ni andiko, ijapokuwa haina hata herufi moja: ilimwambia mama kwamba anayesema naye ni mtu wa tiba. Ama kopo la bure, hilo ndilo lililopangwa kwa ustadi kuliko yote. Lilitosha siku chache. Mtoto asiponyonya siku hizo chache, maziwa ya mama hupungua, na kopo linapokwisha huwa mama hana tena uhuru wa kuchagua. Hapo ndipo alipokutana na bei. Kwa kuwa bei ilikuwa kubwa, aliongeza maji na kupunguza unga ili kopo lifike mwisho wa mwezi, na maji yenyewe hayakuwa safi. Yaliyofuata ni kuhara na utapiamlo.

Haikuwa siri. Daktari Cicely Williams, aliyezaliwa Jamaika, aliyasema haya mjini Singapore mwaka 1939, katika hotuba aliyoipa jina la maziwa na mauaji. Mwaka 1974 shirika la War on Want la Uingereza lilitoa ripoti ya Mike Muller juu ya jambo hilo hilo. Kundi la Waswisi lililoitafsiri ripoti hiyo kwa Kijerumani liliipa kichwa kilichosema kwamba Nestlé huua watoto. Kampuni ikawashitaki, na mwaka 1976 mahakama ya Bern iliamua kuwa kichwa kile ni kashfa, ikawatoza faini ndogo. Pamoja na hayo, hakimu aliiambia kampuni ifikirie upya namna yake ya kutangaza. Mwaka uliofuata watu wa Marekani walianza kususia bidhaa zake.

Mwezi Mei mwaka 1981, Mkutano Mkuu wa Afya Ulimwenguni ulipitisha Kanuni ya uuzaji wa maziwa hayo kwa kura 118 dhidi ya moja, nayo ilikuwa ya Marekani. Kanuni hiyo yasema maziwa haya yasitangazwe kwa umma, na kina mama wasigawiwe sampuli. Kisha ikaingia katika jambo ambalo wengi wangeliona dogo: lebo isiwe na picha ya mtoto mchanga. Wajumbe wa mataifa waliketi wakatunga kifungu juu ya picha. Anayesema kuwa picha ni pambo tu na awaulize wajumbe wale. Hapa kwetu, Kenya iliweka sheria yake mwaka 2012.

Hata hivyo mpangaji hapumziki. Baadhi ya kampuni zilitoa maziwa ya watoto wakubwa, ambayo hayakubanwa namna moja, zikayapa kopo la rangi ile ile, herufi zile zile na mnyama yule yule wa kuchora, ila namba tu ndiyo iliyobadilika. Tangazo la kopo namba tatu likawa tangazo la kopo namba moja. (Hatuwalaumu kina mama ambao kwa ugonjwa au kwa ushauri wa daktari hulazimika kutumia maziwa ya kopo. Wao wana haja, na bidhaa ina mahali pake.)

Tuje kwenye maneno, kwani lugha yetu nayo ina vichochoro vyake. Tangazo lisemapo kuwa bei zimepunguzwa hadi asilimia 50, neno la kulitazama ni "hadi". Bidhaa moja ikipunguzwa nusu na nyingine mia zikapunguzwa asilimia 2, tangazo limesema kweli. Neno "kuanzia" hufanya kazi hiyo hiyo kutoka upande wa pili. Lisemapo kwamba hakuna sabuni inayong'arisha zaidi ya hii, sikio husikia kuwa hii ndiyo bora, ilhali maneno yenyewe yaruhusu sabuni zote ziwe sawa. Na kitenzi cha kutendwa! "Imethibitishwa." "Inapendekezwa." Sarufi yetu yamruhusu mtu akifiche kikamilifu kichwa cha aliyethibitisha, na sentensi ikabaki nzuri isiyo na kasoro. Msomaji na amtafute huyo mtenda. Asipompata, ajue kuwa hakuachwa nje kwa bahati mbaya.

Yako pia majina ya heshima na udugu. Bango huita "Mama", simu huandika "Ndugu mpendwa". Kwetu sisi maneno hayo yana uzito, kwani anayekuita ndugu amejipa haki juu yako na wewe umepata haki juu yake. Hapa haki ni ya upande mmoja tu.

Mfano wa neno moja uko katika mikopo ya simu. Mwezi Novemba mwaka 2012 ilianzishwa nchini Kenya huduma iitwayo M-Shwari. Mkopo ulikuwa wa siku 30, na mkopaji alitozwa asilimia 7.5. Tozo hiyo haikuitwa riba, iliitwa ada. Hukumu ya kifiqhi tunawaachia wanavyuoni wenye elimu hiyo, sisi tunasoma tu. Neno "riba" lingemfanya Muislamu asimame kidogo, na hata asiye Muislamu angeuliza ni riba ya muda gani. Neno "ada" humpeleka mtu kwenye ada ya shule, ada ya kitambulisho, kitu kidogo kilipwacho mara moja kikaisha. Shilingi 75 kwa kila 1,000 zaonekana chache. Anayekopa 1,000 hizo kila mwezi kwa miezi 12 amelipa 900, karibu sawa na kiasi alichokuwa nacho mkononi wakati wowote. Hesabu hiyo hakufichwa mtu. Haikuwekwa juu ya fungu, basi.

Wala tusidhani kuwa mambo haya ni ya wafanyabiashara peke yao. Kushawishi si dhambi. Mwadhini hushawishi, khatibu hushawishi, na karatasi ya kuomba mchango wa madrasa yenye picha ya yatima imepangwa ili mkono uende mfukoni. Haki ya msomaji ni kutuuliza sisi maswali yale yale: ni nani aliyeandika, kiasi gani kilikusanywa mara iliyopita, kimekwenda wapi, na je, mtoto aliye pichani ni miongoni mwa wanaosaidiwa? Kamati ikichukizwa na maswali hayo, hasira yake nayo yasomeka.

Na ndani ya misikiti yetu kuna andiko moja la zamani sana ambalo bado lapita. Wengi wenu mmelipokea. Ni barua ya mtu aitwaye Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume (s.a.w.), asimuliaye kuwa amemwona Mtume usingizini, akaonywa kwamba umma umeharibika na Kiyama kimekaribia. Barua hii si ya jana. Mwanachuoni wa Kiholanzi, Snouck Hurgronje, aliiandikia habari katika miaka ya 1880, ilipokuwa ikizunguka katika visiwa vya Indonesia. Mwaka 1908 ilifika pwani yetu ya kusini, ikaonekana Lindi, na watawala wa Kijerumani, ambao vita vya Majimaji vilikuwa vimekwisha karibuni tu, walishtuka wakidhani ni maasi mengine. Wanahistoria huiita barua ya Makka. Marehemu Sheikh Abdul-Aziz bin Baz wa Saudi Arabia aliandika risala maalumu kuikanusha. Pamoja na hayo yote, iliacha wino na karatasi ikaingia katika mashine za kurudufu, na sasa inatumwa kwa WhatsApp.

Jinsi gani barua iishi zaidi ya miaka 100? Tutie mkono ndani. Juu kuna nasaha ambazo hapana Muislamu atakayezipinga: salini, tubuni, toeni zaka. Hiyo ndiyo nafaka kavu, na ni kavu kweli. Jina la mwandishi limefungwa na kaburi tukufu, lakini hana baba, hana ukoo, na kwa vizazi vingapi hivi hajafa wala hajastaafu. Kisha, kuelekea mwisho, huja sehemu ya chini: inakili barua hii, uisambaze kwa idadi fulani katika siku kadhaa. Fulani aliisambaza akapata utajiri. Fulani aliipuuza akafiwa na mwanawe.

Tuulize swali letu: mwandishi anataka tufanye nini? Mtu atajibu upesi kwamba anataka tusali. Lakini tazameni thawabu na adhabu za papo kwa papo zimefungwa wapi. Hakuna katika visa vile aliyetajirika kwa kusali, wala aliyefiwa kwa kuacha zaka. Yule tajiri alinakili, na yule mfiwa hakunakili. Nasaha zimewekwa ili tuone haya kuikataa barua, na vitisho vimewekwa ili tusithubutu kungoja. Muda wa siku kadhaa umewekwa ili tusipate nafasi ya kwenda kumuuliza mwenye elimu. Ni ufundi ule ule wa kopo la bure, na yaelekea aliyeutunga hakuwa na duka.

Anayetaka kuipima mwenyewe, ujumbe huo utakapomjia tena na azifute zile sentensi za ahadi na vitisho pamoja na amri ya kusambaza, kisha asome kilichosalia. Atakuta mawaidha mafupi ambayo husemwa juu ya mimbari kila Ijumaa, bila ya mtu yeyote kutakiwa kutoa nakala hata moja.